Kaskazi au kusi: upepo upi wa mashindano ya mashua na ngalawa?

Kila kamati ya mashindano ya matanga pwani hii huanza na ubishi uleule. Mmoja anataka Januari, kwa sababu walio bara na ng'ambo wamerudi nyumbani na bahari imetulia. Mwingine anataka Agosti, maana kwake upepo wa Januari ni wa kufundishia watoto. Wa tatu hana habari na mwezi. Anachotaka ni mashindano yaangukie siku ya sherehe, iwe Maulidi, iwe Siku ya Mwaka, iwe tarehe 1 Januari. Wote watatu nimekaa nao mkekani. Kabla sijaingia kwenye kamati nilikuwa mtu wa ubao katika mashua ya mjomba wangu: yule anayetoka nje upande wa goshini, unakotoka upepo, na kukaa juu ya maji, uzito wake ndio unaoizuia mashua isilale. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya anayepanga mashindano, na kwa nahodha anayejiuliza aingie yapi na ayaache yapi.

Nitasema mapema ninakoelekea. Ukiniuliza msimu, nachagua kaskazi, Januari hadi mwanzo wa Februari. Lakini swali la msimu ni la pili. La kwanza ni maji: siku ya ngapi ya mwezi mwandamo, na saa ngapi. Nimeona mashindano mazuri katika kusi kali na mashindano mabovu katika kaskazi laini, na mara nyingi kilichoyatenga ni kupwa na kujaa.

Pepo zenyewe

Kaskazi huingia Desemba na kushika hadi Machi, ikitoka kaskazini-mashariki. Ndiyo iliyowaleta mabaharia wa Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi katika bandari zetu kwa karne nyingi. Kusi hushika kati ya Aprili na Mei na kuvuma hadi Septemba, ikitoka kusini na kusini-mashariki, na hiyo ndiyo iliyowarudisha kwao.

Kwa nguvu hazilingani. Kaskazi ya mchana iliyoshika vizuri huwa kati ya noti 12 na 18. Kusi ya Juni, Julai na Agosti hukaa kati ya noti 15 na 25, na mapigo yake hupita hapo. (Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.85 hivi.) Ukizisoma namba hizo harakaharaka utaona tofauti ndogo, lakini tanga halizihesabu hivyo. Nguvu ya upepo hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi yake: noti 20 hazisukumi mara mbili ya noti 10, zinasukuma mara nne. Kutoka noti 12 hadi 18 tu, tanga limeshabeba zaidi ya mara mbili ya mzigo wake. Ndiyo maana mashua iliyokuwa ikicheka saa saba inaweza kuwa inalia saa tisa, na mabaharia hawajagusa kitu.

Asiye na kipimo atazame maji. Kwenye noti 7 hadi 10, vichwa vya viwimbi vinaanza kuvunjika, povu liko hapa na pale. Kwenye 11 hadi 16, povu ni jingi kila unapotupa jicho. Kwenye 17 hadi 21, karibu kila wimbi lina povu na rasharasha zinaanza kukurukia usoni. Kuanzia 22 mawimbi yamekuwa makubwa na bahari nzima imechafuka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa angalizo kwa watumiaji wa bahari, mara nyingi husema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Kilomita 40 kwa saa ni noti 21 na ushei. Jahazi kubwa la mizigo lenye nahodha mzoefu litapita humo kwa tabu. Ngalawa ya mashindano, yenye tanga kubwa kuliko la uvuvi na watu wawili watatu, haina kazi humo, na kamati inayoipeleka humo inacheza na roho za watu.

Siku ya kaskazi

Uzuri mkubwa wa kaskazi ni kwamba siku yake unaijua kabla haijafika. Alfajiri kuna umande, upepo mwepesi wa nchi kavu, unaotosha kuwatoa wavuvi nje. Kwenye saa tatu, saa nne, umande unakufa na shwari inaingia. Jua linapanda, nchi kavu inapata moto haraka kuliko bahari, hewa ya juu ya ardhi inapaa, na ile ya baharini inakuja kujaza nafasi yake. Upepo huo wa baharini unaungana na kaskazi iliyokuwepo. Saa sita unaona mstari mweusi ukija juu ya maji kutoka nje, saa saba matanga yamejaa, na kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja ndiyo kilele. Jua likizama, nao unalegea.

Kwa mashindano, hii ni zawadi. Unaweza kumwambia mwananchi aje ufukweni saa nane na akakuta kitu cha kutazama. Mwelekeo wa upepo haurukiruki, kwa hiyo maboya uliyoyatupa asubuhi yatakuwa bado mahali pake mchana, na nahodha aliyepangiwa kuanza upande wa kulia hana cha kumlalamikia wa kushoto. Mvua ni chache Januari na Februari, na unaona mbali.

Ubaya wake ni mwingine. Kwanza, kuna siku kaskazi haiji. Shwari ya saa nne inaendelea hadi saa nane, na mashua kumi na mbili zinakaa mstarini matanga yakining'inia kama nguo zilizoanikwa. Waandaaji wenye haraka ndio wanaokutwa na hili, wale wanaoanzisha saa tatu asubuhi ili mgeni rasmi awahi kuondoka. Pili, kuna jua. Kaskazi ni kiangazi. Mabaharia waliokaa mstarini saa nzima bila maji ya kunywa wanaanza mashindano wakiwa tayari wamechoka. Wekeni maji ndani ya vyombo, na msiwaite watu mstarini mapema.

Wale wanaosema kaskazi ni upepo wa watoto siwaungi mkono. Upepo mwepesi ndio unaomtoa nahodha hadharani. Katika kusi kali anayeshinda mara nyingi ni mwenye chombo kigumu na watu wazito. Kwenye noti 10 anashinda anayejua kulegeza demani kidogo tu tanga lipumue, anayewakalisha watu wake palepale bila kutikisa chombo, anayeona giza la upepo juu ya maji mbele ya wenzake akalifuata. (Demani hapa ni kamba ya tanga, si msimu, msimu wake naufikia.)

Siku ya kusi

Kusi ya kweli haina adabu hiyo. Usiku haifi kabisa. Asubuhi hutokea upande wa nchi kavu, kusini-magharibi, ikiwa na baridi ya kipupwe. Kadiri jua linavyopanda huzunguka hadi kusini-mashariki na kuongezeka. Mchana iko palepale ulipoiogopa. Mawingu ya mvua fupi huingia kutoka baharini, na mbele ya kila wingu kuna pigo la upepo linalozidi upepo wa kawaida kwa mengi, halafu nyuma yake dakika chache za ulegevu. Nahodha mwenye macho huliona wingu likija na kulegeza kabla. Asiye na macho huliona likiwa juu yake.

Sharti nikiri kwamba kwa mtazamaji hakuna kama kusi. Mashua zinalala mpaka ubavu unanywa maji, watu wa ubao wako nje kabisa, mgongo unagusa wimbi, na mwendo ni wa ajabu. Ndani ya chombo pia kuna furaha ambayo kaskazi haitoi. Sina haja ya kudanganya kuhusu hilo.

Tatizo ni tanga letu lenyewe. Tanga la pembetatu kwenye foromali ndefu, ule mti unaolibeba, ni tanga la nguvu, lakini halipunguziki kwa urahisi. Boti za kisasa zina namna ya kukunja sehemu ya tanga na kuendelea. Sisi tunateremsha foromali nzima na kufunga tanga dogo, na katikati ya mashindano hakuna anayefanya hivyo. Kisha kuna kukisi. Kulihamisha tanga upande wa pili, foromali husimamishwa wima, tanga likazungushwa mbele ya mlingoti, na mtu mmoja akakimbia na demani kuivusha. Kwenye noti 12 ni kazi ya kawaida. Kwenye noti 22, kwa sekunde kadhaa, tanga zima liko hewani bila mwenyewe.

Agosti mmoja tulikisi namna hiyo kwenye mlango wa Shela, Lamu. Mashindano yalipangwa saa nane, yakaanza saa tisa na nusu kwa sababu ya hotuba. Ilikuwa bamvua, maji makubwa. Tulipozunguka boya la nje maji yalikuwa yameshageuka, yanapwa, yanatoka kwenda baharini na kukutana uso kwa uso na kusi. Mawimbi yalikuwa mafupi na yamesimama kama ngazi. Mjomba akapaza sauti tukisi, foromali ikapanda, na mimi niliyeshika demani nikaihisi inanichoma kiganja kabla sijaelewa. Foromali yetu ilikuwa ya vipande viwili vilivyofungwa pamoja. Ilikatikia pale pale penye mfungo, kwa mlio mdogo kuliko nilivyotarajia. Tanga likaanguka majini, likajaa maji, likawa nanga. Mashua ya nyuma yetu ikakwepa, ikalala, ikapinduka. Boti ya uokoaji ilikuwa moja, na ilikuwa imebeba wapiga picha. Walitolewa wote, alhamdulillahi. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, bila jaketi okozi.

Siku hiyo upepo haukuwa mkali kuliko siku nyingine za Agosti. Tungeanza saa nane kama ilivyopangwa, tungemaliza kabla maji hayajageuka.

Kwanza maji, kisha upepo

Hapa ndipo ninapotaka kamati zikae zaidi. Maji yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, saa sita na dakika kidogo kila upande, na kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3 hadi 4. Wakati wa maji mafu hushuka hadi kama mita 1. Hilo kila mtoto wa pwani analijua.

Jambo ambalo kamati husahau ni kwamba saa za bamvua na za maji mafu hazibadiliki. Kuanzia Dar es Salaam na Unguja hadi Mombasa na Lamu, siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kabisa kwenye saa kumi, saa kumi na nusu jioni. Siku za maji mafu ni kinyume: yanajaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni. Sasa weka juu yake ile saa ya upepo, saa nane hadi saa kumi na moja. Mchana wa bamvua utakuwa unashindana maji yakijaa. Mchana wa maji mafu utakuwa unashindana yakipwa.

Chukua Lamu. Maji yakijaa huingia kwa mlango wa Shela na kupanda kuelekea mjini; yakipwa hutoka hukohuko. Kusi nayo huingia kwa mlango huo. Kwa hiyo mchana wa bamvua, kabla ya saa kumi, kusi na maji vinakwenda njia moja, na bahari hulala hata upepo ukiwa na nguvu. Baada ya saa kumi na nusu vinagongana, na mlango unakuwa ule niliouelezea. Saa moja ya kuchelewa inageuza mashindano salama kuwa maafa. Kaskazi haina mtego huu kwa ukali huo: maji yakipwa yanatoka pamoja na upepo, na yakijaa dhidi ya upepo, wimbi halina umbali wa kukua ndani ya mkondo kati ya Lamu na Manda. Kasoro ya kaskazi Lamu ni kwamba huvuka kisiwa cha Manda kwanza, hivyo karibu na ufuko wa Manda hufika kwa mapigo na mapengo. Anayeifuata kingo hiyo ili akwepe nguvu ya mkondo ajue anachokiacha.

Au chukua Paje na Jambiani, ambako ngalawa zinashindana ndani ya mwamba. Bamvua saa nne asubuhi hakuna bahari hapo. Kuna mchanga, mashamba ya mwani na akina mama wakifanya kazi yao. Saa nane maji yamerudi, saa tisa yanatosha ngalawa kupita juu ya mafungu yote. Ukipanga mchana wa maji mafu, yanapungua huku mnashindana, na ingawa hayakauki kama bamvua, marengu, yale maelezi ya pembeni mwa ngalawa, yanaanza kugusa. Bamvua mchana, basi, kaskazi au kusi, na mwamba unazuia mawimbi ya nje misimu yote miwili.

Ila bamvua nayo ina bei yake, nayo ni mkondo wenye nguvu. Kwenye siku ya upepo mwepesi, mashua inaweza kukaa mbele ya boya ikikata maji kwa nguvu zake zote bila kusogea. Ndiyo maana bamvua inaoana vizuri na upepo wa kutosha, na kama unalazimika kushindana asubuhi kwenye upepo haba, maji mafu yanakufaa zaidi.

Sherehe zinazohama

Maulidi ya Lamu huambatana na mashindano ya mashua, na watu wengi huyafikiria kama jambo lenye msimu wake. Hayana. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, huzunguka misimu yote. Mwaka 2012 tarehe 12 ya mwezi huo iliangukia mwanzoni mwa Februari, katikati ya kaskazi. Mwaka 2026 inaangukia mwishoni mwa Agosti. Mashindano ni yaleyale, mlango ni uleule, maboya pengine yaleyale, lakini upepo umegeuka kabisa. Kijana aliyeshinda miaka ile kwa ufundi wa upepo mwepesi leo anaombwa ashindane katika kusi. Kamati inayonakili mpango wa miaka kumi na minne iliyopita inanakili mpango wa bahari nyingine.

Wazee walilijua hili. Ndiyo maana, pamoja na mwezi mwandamo wa ibada, waliweka mwaka wa jua wa siku 365, wakauhesabu kwa miongo, kumi kumi, tangu Siku ya Mwaka. Mvuvi na nahodha walikwenda kwa miongo, kwa sababu pepo hazifuati mwezi. Siku ya Mwaka yenyewe, ile inayoadhimishwa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, huja Julai, kusi ikiwa kileleni. Anayetaka kuambatanisha ngalawa na sherehe hiyo ashindane ndani ya mwamba tu.

Ramadhani nayo kwa miaka hii inaukata msimu wa kaskazi. Mwaka 2026 ilianza katikati ya Februari. 2027 inatazamiwa karibu na tarehe 8 Februari. Itaendelea kurudi nyuma. Kumweka mtu aliyefunga juani juu ya ubao saa mbili si jambo la kujadili. Kinachobaki kwa kaskazi ni Januari na kipande cha Februari, na kipande hicho kinapungua kila mwaka.

Tanga mbili, demani, masika

Nitapita haraka. Masika, Machi mwishoni hadi Mei, acheni. Mvua ni nyingi, pepo hazijaamua, na kwa Kenya Mei ndio mwezi wenye mvua kubwa zaidi pwani. Vimbunga hufika kwetu kwa nadra, lakini vinapofika hupenda majira haya: tufani ya Aprili 1872 iliiharibu Zanzibar, ikaangusha mikarafuu na kuvizamisha vyombo bandarini, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliifikia pwani ya Tanzania.

Demani, kusi inapozeeka kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba, ni habari nyingine, na nadhani tunaidharau. Upepo bado unatoka kusi lakini umelegea, bahari imepoa, mvua ya vuli haijaanza. Kama Januari haiwezekani kwenu, hiki ndicho chaguo langu la pili, na mbele ya Julai nitakiweka bila kusita. Novemba, wakati wa matlai na maleleji, yaani tanga mbili, pepo zinapobadilishana, upepo unaweza kutoka popote au usitoke kabisa. Mashindano ya mwezi huo yanahitaji siku ya akiba.

Chombo chako na mahali pako

Wazee husema usisafirie nyota ya mwenzio, na kwenye kuchagua upepo neno hilo ni la kushika kama lilivyo.

Mwenye ngalawa achague kaskazi. Gogo la mwembe lenye marengu mawili na matengo, miti inayoyashikilia, ni jepesi na lina kasi ya ajabu kwenye noti 10 hadi 15. Kusi ikizidi, rengu la upande wa chini linazama, linavuta, na matengo yanaanza kulia kwenye mifungo yake. Mwenye mashua nzito, yenye mkuku mzuri, farumi ya kutosha (uzito wa chini wa kuituliza) na watu sita au wanane wanaojuana, anaweza kuingia kusi, mradi aende na tanga dogo kuliko analotamani na akague mifungo ya foromali siku ile ile, kwa mkono wala si kwa macho. Boti ndogo za kisasa zinazotumiwa na vilabu vya Dar es Salaam na Mombasa zinaweza kwenda misimu yote, kwa sababu zikipinduka huinuliwa na mwenyewe akaendelea. Mashua yetu ikipinduka, mashindano yake yamekwisha.

Mahali pia panaamua. Nungwi iko ncha ya kaskazini ya Unguja: kusi haina mawimbi hapo kwa sababu kisiwa chote kiko mbele yake, ila kaskazi inaipiga usoni. Kizimkazi, kusini, ni kinyume chake. Ghuba ya Msasani imefunguka kuelekea kaskazini na rasi inaikinga na kusi, hivyo wa Dar wanaweza kushindana Julai kwa raha ambayo wa Lamu hawana. Mbele ya Mji Mkongwe mawimbi makubwa ya nje hayafiki msimu wowote, lakini upepo hupita juu ya ardhi na majumba kwanza, na karibu na Shangani unakuja vipandevipande.

Mashindano ya mji hadi mji ni suala jingine, na hapo kusi inashinda kwa haki. Mkondo wa bahari mbele ya pwani ya Tanzania na kusini mwa Kenya huenda kaskazini mwaka mzima. Katika kilele cha kusi kasi yake huweza kupita noti 3. Wakati wa kaskazi hushuka hadi noti 1 au pungufu. Anayetoka Dar kwenda Unguja au Tanga wakati wa demani ana upepo nyuma na mkondo nyuma. Anayejaribu kushuka kusini kwa kaskazi ana upepo mzuri, ila unagongana na mkondo, na nje ya mwamba mawimbi huwa mafupi na ya kuchosha kuliko upepo wenyewe unavyoonyesha.

Tulichopendekeza sisi

Kwa kamati yetu nimepeleka pendekezo la Jumamosi, tarehe 23 Januari 2027. Mwezi unapevuka tarehe 22, kwa hiyo tuko ndani ya bamvua. Ramadhani iko zaidi ya wiki mbili mbele, watu watapata nafasi ya kutengeneza vyombo vyao kabla ya mfungo. Ijumaa haiguswi. Maji yatapwa asubuhi, na vijana watayatumia mafungu yaliyokauka kukagua chini ya vyombo na kupaka mafuta. Mstari utafunguliwa saa nane kamili, na boya la mwisho lizungukwe kabla ya saa kumi na robo, maji yakiwa bado yanajaa. Hotuba zitakuwa baada ya alasiri.

Boti za uokoaji ziwe mbili, tupu, bila mpiga picha wala mgeni. Jaketi okozi kwa kila mtu, na asiyevaa chombo chake hakihesabiwi. Saa saba mzee mmoja na kijana mmoja watatoka na boti hadi boya la nje. Wakikuta kila wimbi lina povu, bendera nyekundu inapandishwa na tunahamia Jumapili. Maji yatakuwa yamechelewa dakika 50 tu, kwa hiyo mstari utafunguliwa saa nane na dakika hamsini.